Jirani Zetu Tunawajua? Historia ya Dini Bungoma na Kitale

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ramadhan imetufikia tena, alhamdulillah. Huu ni mwezi ambao misikiti yetu hujaa mpaka watu wakaswali nje, na pia ni mwezi ambao jirani asiye Mwislamu hutuangalia kwa makini zaidi. Anatuona tumefunga, anasikia adhana ya magharibi, kisha anauliza maswali. Mengine ni ya kirafiki tu: kwani hata maji hamnywi? Lakini mengine yanachoma: si nyinyi mlikuja huku kuuza watu? Si nyinyi mlipigana upande wa Mzungu?

Vijana wengi wakiulizwa hivyo hupandwa na hasira, ama hukimbilia kumjibu mtu kwa aya za Biblia walizokariri kwenye mihadhara ya hadhara. Sasa, ndugu yangu, swali la historia hujibiwa kwa historia. Na ukiisoma historia ya Bungoma na Kitale kwa uaminifu, utakuta jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: hakuna dini katika eneo hili ambayo haijawahi kubebwa na mwenye nguvu, na karibu kila moja imewahi kuonja kudharauliwa. Anayelijua hilo hawezi kumtukana jirani yake kwa ajili ya imani. Twende polepole.

MSAFARA ULILETA NINI?

Kabla ya reli na kabla ya serikali ya kikoloni, dini yetu ilifika huku kwa miguu. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka Pangani na Mombasa, ikakata nyika, ikapanda mpaka kwa Wawanga, kwenye ufalme wa Nabongo. Kituo chao kikubwa kiliitwa Kwa Sundu, yaani mji wa Nabongo Shiundu. Leo tunauita Mumias, kwa jina la mwanawe Nabongo Mumia aliyetawala kuanzia 1882 mpaka alipofariki 1949. Mzungu Joseph Thomson alipofika hapo mwishoni mwa 1883, njia ilikuwa imeshakanyagwa na Waswahili zamani.

Wafanyabiashara hao walitaka pembe za ndovu. Walileta nguo, shanga na bunduki. Na hapa tusidanganyane: wapo miongoni mwao waliochukua watu pia. Masimulizi ya wazee wa Kibukusu yanaikumbuka misafara iliyovamia vijiji, na ukiyasikia kutoka kwa mzee wa Bungoma usimwambie anaitukana dini. Anasimulia kilichowapata mababu zake.

Lakini msafara huo huo ulibeba kitu kingine. Wale waliokaa Mumias waliswali, walifunga, walioa, walizika maiti zao kwa utaratibu ambao watu waliutazama na kuuliza. Nabongo Mumia akasilimu, na wengi wa jamaa yake wakasilimu. Mumias ikawa chimbuko la Uislamu magharibi mwa Kenya, na wengi wetu tuliozaliwa Waislamu huku, ukifuatilia ukoo au ustadh aliyemfundisha babu, utarudi Mumias tu.

Kwa hiyo mtu mmoja alitembea njia moja akiwa na tasbihi na bunduki. Wawanga waliokaa naye walipata muda wa kuiona tasbihi. Wabukusu, upande wa pili wa mto Nzoia, walianza kuiona bunduki.

LUMBOKA NA CHETAMBE

Ukitoka Bungoma kwenda Webuye, uliza Chetambe. Ni kilima chenye historia nzito kuliko vitabu vyetu vya shule vinavyoonyesha. Mwaka 1895 Waingereza, ambao wakati huo walihesabu eneo hili kuwa sehemu ya Uganda, walikuwa na kituo Mumias chini ya C. W. Hobley. Wabukusu walikuwa na bunduki walizopata kwa wafanyabiashara na kwa askari waliotoroka. Serikali ilizitaka. Askari waliotumwa kuzichukua wakauawa, na Hobley akaja na jeshi kulipiza kisasi.

Vita vilianza Lumboka, vikaishia kwenye ngome ya Chetambe. Mikuki na mishale kwa bunduki ya mtombo. Watu wengi waliuawa, mifugo ikachukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa.

Jeshi hilo lilikuwa la nani? Maofisa walikuwa Wazungu wachache. Askari walikuwa Wasudani, wakisaidiwa na Waganda, Wawanga na Wamaasai. Na hao Wasudani, ambao wajukuu wao tunawaita Wanubi, wengi wao walikuwa Waislamu. Walikuwa wamesombwa kutoka jeshi la Emin Pasha huko kusini mwa Sudan, wakaajiriwa na Waingereza, na nchi hii hawakuijua. Baadaye wao wenyewe wakaachwa bila ardhi na bila karatasi mpaka wajukuu wao wakahangaikia vitambulisho. Hawakuja kueneza dini. Lakini mama aliyetekwa Chetambe aliyajuaje hayo? Alimwona askari, na askari akisikia wakati wa swala alitandika.

Halafu mwaka 1909 Mumia akatangazwa na Waingereza kuwa chifu mkuu, na jamaa zake wakapelekwa kutawala mahali ambapo Wawanga hawakuwa na mamlaka hapo zamani. Ndugu yake Murunga akawekwa juu ya Wabukusu wa kaskazini. Kodi ilidaiwa na Mwanga, kazi ya barabara ikasimamiwa na Mwanga.

Wakati mwingine sisi vijana huuliza kwa nini Mumias ina waumini wengi namna ile na Bungoma, safari ya muda mfupi tu kwa matatu, ni nchi ya makanisa. Wapo wanaojibu haraka kwamba Wabukusu wana mioyo migumu. Subhanallah! Watu hawa walimwita Muumba kwa jina la Wele Khakaba kabla hawajamwona mhubiri yeyote. Kwa maoni yangu, jibu lipo Chetambe. Ujumbe ulichafuliwa na mikono iliyoufikisha.

SHULE, MAJINA NA MTOTO WA SUDI

Ikiwa tasbihi ilisafiri na bunduki, msalaba nao ulisafiri na bendera. Wamarekani wa dhehebu la Friends, ambao huku tunawaita Waquaker, walianza Kaimosi mwaka 1902, kisha wakaingia Bukusu na kujenga Lugulu. Wakatoliki wa Mill Hill nao wakaja, na misheni yao ya Kibabii ikawa maarufu. Walijenga shule na hospitali, na kusema kweli, wengi wetu tumezaliwa ama tumetibiwa kwenye hospitali hizo. Tushukuru panapostahili shukrani.

Lakini shule hizo zilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bei. Mtoto alisoma pamoja na katekisimu, na mara nyingi alitoka na jina jipya. Wazazi wa Kiislamu wengi wakaogopa, wakawazuia watoto. Kwa miongo mingi tukawa na mahafidhi na wafanyabiashara, lakini tukakosa walimu, madaktari na mawakili. Jeraha hilo bado tunalo. Lakini nakuomba msomaji uangalie na upande mwingine: mwenye dini ya jadi naye alilipa bei hiyo hiyo. Aliambiwa aache wake, aache pombe ya asili, aache matambiko ya tohara, aache kila alichoachiwa na babu yake, ndipo ahesabiwe mtu.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi historia hii ilivyosukana. Bungoma palikuwa na chifu mkubwa akiitwa Sudi Namachanja, mtu wa mila na wake wengi. Sudi! Jina hilo ni la Waswahili, lenye asili ya Kiarabu, na utalikuta Pangani, Lamu na Mombasa mpaka leo. Lilifika Bukusu likitokea pwani. Na mtoto wa chifu huyo mwenye jina la Kiswahili, aliyezaliwa Chebukwa mwaka 1923, ndiye Maurice Otunga, ambaye mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Katika nyumba moja: mila za Kibukusu, jina la pwani, na kofia nyekundu ya Roma. Ukimwambia mtu wa Bungoma kwamba dini yake ni ya kigeni, jiulize kwanza ni ipi ambayo haikusafiri.

MTU WA MAENI ALIYEPELEKWA LAMU

Tumfikie sasa yule ambaye Waislamu na Wakristo huku wamekuwa wakimcheka kwa pamoja: Elijah Masinde.

Masinde alitoka Maeni, karibu na Kimilili. Kijana wa Waquaker, na mchezaji mpira hodari aliyeichezea timu ya Kenya mwaka 1930 dhidi ya Uganda. Alikosana na kanisa alipooa mke wa pili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiongoza kundi lililojulikana kama Dini ya Msambwa, yaani dini ya mizimu ya mababu. Alifundisha watu wamrudie Wele kwa njia za wazee, na mlima Elgon, ambao wao huuita Masaba, ukawa mahali patakatifu. Na alifundisha jambo la pili ambalo serikali haikuweza kulimeza: Mzungu aondoke.

Hapo ndipo Kitale inapoingia. Trans Nzoia ilikuwa imegawanywa mashamba makubwa ya walowezi, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yao yakapata njia ya kwenda sokoni. Wabukusu wengi walilima mashamba hayo kama vibarua kwenye ardhi ambayo Wabukusu, Wasabaoti na Wapokot kila mmoja alikuwa na kumbukumbu nayo. Maneno ya Masinde yalivuka mpaka yakaingia kambi za vibarua. Mabohari yakaanza kuwaka moto.

Serikali ikamfunga, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari Nairobi, ikamwachilia mwaka 1947. Alitoka akaenda wapi? Chetambe! Aliwakusanya maelfu ya watu hapo kuwakumbuka waliouawa 1895. Ona jinsi jeraha la miaka hamsini lilivyokuwa bado bichi.

Mwezi wa Februari 1948 mambo yakachemka. Kundi la wafuasi lilikwenda misheni ya Kibabii na kuwaamuru mapadri waondoke. Hilo nalo tuliseme wazi, kwa sababu aliyeonewa leo anaweza kumwonea mwenzake kesho. Siku chache baadaye, tarehe 10 Februari, polisi walifyatua risasi kwa umati pale Malakisi na watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwezi huo huo. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Aprili 1950, damu ikamwagika tena huko Kolloa, Baringo, ambako Lukas Pkiech na wafuasi wake wa Kipokot waliokuwa na imani iliyotokana na hii walipambana na polisi, na Pkiech akauawa pamoja na wengi wa watu wake.

Masinde alikamatwa, akahamishwa. Unajua alipelekwa wapi? Lamu! Mji wa misikiti na maulidi, mji ambao wazee wetu huwapeleka watoto kusoma. Huyo nabii wa mlima Elgon, wakoloni walimtupa katikati ya Waislamu wakiamini kwamba hapo maneno yake hayatapata sikio. Baadaye akapelekwa Marsabit. Aliachiliwa uhuru ulipokaribia.

Basi uhuru ukaja, na wewe ungefikiri mambo yameisha. La. Mwaka 1968 serikali yetu wenyewe, ya Waafrika, ikaipiga marufuku Dini ya Msambwa tena. Masinde akaingia na kutoka jela mpaka uzee wake. Alifariki 1987.

Simtetei Masinde katika itikadi. Sisi ni watu wa tawhid, na kuomba mizimu ni shirki, hilo halina mjadala. Ninachouliza ni hiki: dini ilipopigwa marufuku na watu wakafungwa kwa kuomba, nani alisimama? Makanisa mengi yaliona ni ushindi juu ya upagani. Na sisi Waislamu, ambao shule zilitufungia mlango, tuliona hayatuhusu.

NG'AMBO YA MLIMA

Ili usidhani kwamba ni Wazungu na Wakristo tu ndio waliozifunga dini za wenzao, vuka nami mpaka pale Lwakhakha, ushuke mpaka Mbale nchini Uganda. Vijana wengi wa Kiislamu kutoka magharibi mwa Kenya wanaujua mji huo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa huko mwaka 1988.

Karibu na mji huo huo kuna kilima cha Nabugoye, na juu yake kuna sinagogi. Wanaosali hapo si wageni. Ni Wagisu na Waafrika wengine wanaoitwa Abayudaya. Jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu, baada ya kukosana na Waingereza na kuisoma Biblia kwa namna yake, alijitahiri mwaka 1919 na kufuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Wamedumu mpaka leo.

Katika miaka ya 1970 walikatazwa kusali. Masinagogi yakafungwa, wengine wakaiacha dini kwa hofu, wengine wakasali kwa siri ndani ya nyumba. Aliyewakataza ni nani? Idi Amin, mtu aliyejiita Mwislamu na aliyeswali Ijumaa mbele ya kamera. Wakati wake pia, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na mwaka huo huo makanisa mengi madogo yakapigwa marufuku. Amin alipoanguka 1979, Waislamu wasio na hatia katika sehemu kadhaa za Uganda walilipizwa kisasi kwa makosa yake. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Mwenye nguvu hufanya dhulma kwa jina letu, halafu deni hulipwa na jirani maskini aliyevaa kofia.

DINI YETU INASEMAJE?

Ndugu msomaji, historia hiyo yote tungeisoma vizuri kama tungeisoma na sira mkononi.

Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wakimbilie kwa nani? Kwa mfalme Mkristo wa Uhabeshi, Najashi, karibu mwaka 615. Ni bara letu hili la Afrika. Ja'far bin Abi Talib alisimama mbele yake akamsomea kutoka Surat Maryam, na mfalme akakataa kuwarudisha kwa Makuraishi. Dini yetu ilipokuwa changa na dhaifu, ililindwa chini ya paa la Mkristo.

Wakristo wa Najran walipokuja Madina, wanasira wanasimulia kwamba wakati wao wa ibada ulifika wakiwa ndani ya msikiti, na Mtume (s.a.w.) akawaacha wasali. Jeneza la Myahudi lilipopita, alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akawakumbusha waliokuwepo kwamba huyo naye ni nafsi. Na inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipoingia Jerusalem alikataa kuswali ndani ya kanisa, akihofia Waislamu watakaokuja wasije wakalichukua kwa kisingizio kwamba Umar aliswali hapo.

Fungua Surat al-Hajj, aya ya 40. Hapo Allah anataja nyumba za ibada zinazolindwa zisibomolewe, na anaanza na za watawa, makanisa na masinagogi, ndipo anataja misikiti. Kisha fungua Surat al-An'am, aya ya 108. Hapo Waislamu wanakatazwa kutukana vile wanavyoviomba washirikina, wasije nao wakamtukana Allah bila elimu. Zingatia vizuri: aya hii haizungumzii watu wa Kitabu. Inazungumzia masanamu. Kwa maneno mengine, hata mtu wa msambwa, ambaye padri na ustadh wote wanamcheka, Qur'ani imetuwekea mpaka naye. Mwite kwenye haki kwa hekima. Kumtusi huna ruhusa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kulegeza dini. Hapana. Surat al-Kafirun imetenganisha ibada yetu na yao kabisa: hatuendi kwenye matambiko, hatuchanganyi swala. Lakini Surat al-Mumtahana, aya ya 8, inatupa ruhusa ya wazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Anayeishi na jirani kwa uadilifu hajaiuza imani yake. Amelitii neno la Mola wake.

WAO WAMETUFANYIA NINI?

Ukisikia maneno ya stejini unaweza kudhani majirani zetu ni maadui tu. Hebu tuhesabu kwa haki.

Jambo la kwanza ni dogo mpaka tumelisahau. Nenda buchari yoyote ya Bungoma au Kitale. Mwenye duka ni Mkristo, wateja wengi ni Wakristo, lakini aliyechinja mara nyingi ni Mwislamu. Mkristo akifanya harusi ama matanga kijijini, humtafuta Mwislamu aje achinje, ili akija mgeni wa Kiislamu naye ale. Hakuna sheria inayomlazimisha. Hapotezi chochote kwa kuchinja mwenyewe, lakini anakaa akangoja tuje tuseme Bismillah kwa ng'ombe wake. Sisi tuliwahi kumngoja kwa lipi?

Jambo la pili ni kubwa. Mahakama za Kadhi zimo katika katiba ya Kenya tangu uhuru, lakini mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa walipinga katiba mpya, na sababu moja ilikuwa Kadhi. Ilikuwa kampeni kali, ya kijani na nyekundu. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya wakapiga kura, na zaidi ya asilimia 65 wakasema Ndiyo. Mkoa wa Magharibi, ambako Bungoma ilikuwa, ulisema Ndiyo kwa wingi. Sasa piga hesabu: Waislamu kwa sensa ya 2009 walikuwa takriban asilimia 11 ya Wakenya. Hao wengine waliopitisha katiba yenye Kadhi ndani yake walikuwa nani? Ni mamilioni ya Wakristo, wengi wao wakienda kinyume cha walichoambiwa kanisani. Na kifungu cha 32 cha katiba hiyo kinamlinda kila mtu katika dhamiri na ibada yake: wewe, Mquaker wa Lugulu, na mzee wa msambwa kule Maeni.

Jambo la tatu linauma. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wakiwatenga Wakristo na Waislamu. Wanafunzi wale walitoka kila pembe ya nchi. Baada ya siku ile, kila Mwislamu wa bara aliulizwa kwa macho kama si kwa mdomo. Mwaka huo huo, tarehe 21 Desemba, basi lilivamiwa karibu na El Wak, Mandera, na magaidi wakataka abiria wajitenge. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alikuwa mmoja wao, alipigwa risasi, na akafariki Januari 2016. Allah amrehemu. Mkristo wa Kitale akiuliza Mwislamu wa kweli ni yupi, mtajie huyo.

TUFANYE NINI RAMADHAN HII?

Kwanza, tuzijue habari zetu zote, nzuri na chungu. Mzee wa Kibukusu akikusimulia misafara na Chetambe, msikilize mpaka mwisho. Usimkatize kumwambia kwamba Wazungu waliuza wengi zaidi. Mwambie pole, kisha mwambie kwamba dhulma ile Uislamu unaiharamisha.

Pili, tuache mihadhara ya matusi. Kuhubiri si kosa. Lakini kusimama sokoni na kipaza sauti kudhihaki sakramenti za watu, ama kuwacheka vijana wa Kibukusu wakipita na njuga mwaka wa tohara, hiyo si da'wa. Mababu zao walianza kwa kuiona bunduki. Wajukuu wasiongezewe matusi.

Tatu, tuwe na subira katika familia zetu. Wengi wetu tuna shangazi wa Kikatoliki na mjomba wa Friends. Mwenzetu aliyesilimu peke yake akifariki, sisi tunataka kuzika leo, na ukoo unataka kungoja jamaa wa mbali. Hapo ndipo maneno makali hutoka mbele ya maiti. Tukae na wazee wa ukoo mapema, mtu akiwa hai, tuwaeleze desturi yetu kwa heshima, na tusikilize yao.

Nne, futari. Usimpelekee jirani masalio. Mwalike akae mkekani pamoja nanyi, na mzee wake ahudumiwe kwanza. Akiuliza swali, mjibu. Na yeye akiwa na sikukuu yake ama msiba, mtembelee, umpe mkono.

Allah (s.w.) atutakabalie saumu zetu, atujaalie tuwe majirani ambao watu wanasalimika na ndimi zao na mikono yao, na awaongoze viongozi wetu katika uadilifu. Kama kuna kheri katika haya, inatoka kwa Allah.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.